Gary Gygax
Ernest Gary Gygax (27 Julai 1938 – 4 Machi 2008) alikuwa mtunzi wa michezo kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni, pamoja na Dave Arneson, mchezo wa Dungeons & Dragons (1974), ambamo wachezaji huketi mezani na kuigiza mashujaa wanaopambana na madubwana, huku dadu zikiamua matokeo.

Alizaliwa Chicago, akakulia Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka 1973 alianzisha kampuni ya TSR pamoja na Don Kaye. Aliiacha mwaka 1986.

Katika toleo la 1974 takwimu za kila dubwana zilitosha mstari mmoja wa jedwali. Idadi ya dadu za uhai peke yake ilionyesha uimara wake na pia uwezo wake wa kushambulia. Mengi yaliyobaki msimamizi wa mchezo aliyajaza mwenyewe. Mwaka 1977 Gygax alitoa Monster Manual, kitabu chenye madubwana zaidi ya 350, akaongeza akili, ukubwa, madhara ya kila shambulio na hata kinga dhidi ya uchawi. Simba na fisi nao wamo, na simba, ingawa hana mali, ana mstari wake wa hazina. Wingi huo ulimpunguzia msimamizi kazi ya kubuni, lakini ukamwongezea ya kusoma katikati ya pambano.

Mwaka 1999 alitoa Lejendary Adventure, mchezo wenye kanuni rahisi zaidi. Alifariki Lake Geneva akiwa na umri wa miaka 69.