Rod Serling, Mwandishi Aliyepitia Mlango wa Nyuma

Kila mwaka mpya unapoingia, kituo kimoja cha televisheni nchini Marekani huonyesha, usiku na mchana, vipindi vya rangi nyeusi na nyeupe vilivyorekodiwa zaidi ya miaka sitini iliyopita. Waigizaji wake wengi wamekwisha kufariki. Watazamaji wanazijua hadithi zenyewe hadi mwisho wake. Hata hivyo familia huketi kuzitazama tena, na wazazi huwaonyesha watoto zile zilizowatisha wao walipokuwa wadogo. Vipindi hivyo vinaitwa The Twilight Zone. Wanaovifuata kwa Kifaransa wanavijua kwa jina la La Quatrième Dimension. Aliyevibuni, na kuandika zaidi ya nusu yake, ni Rod Serling, aliyefariki mwaka 1975 akiwa na miaka hamsini tu. Sisi tunaosoma lugha na fasihi tuna sababu ya kuyajua maisha yake, kwa kuwa ni maisha ya mwandishi aliyezuiwa kulisema jambo waziwazi, akatafuta njia nyingine ya kulisema.

Rodman Edward Serling alizaliwa Syracuse, katika jimbo la New York, tarehe 25 Desemba 1924, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa bado mdogo, wazazi wake walihamia Binghamton, mji wa viwanda katika jimbo hilohilo, ambako baba yake alifanya biashara ya vyakula na nyama. Alikua pamoja na kaka yake Robert, ambaye naye baadaye alikuwa mwandishi. Rod alikuwa mtoto msemaji, mpenzi wa redio na wa majarida ya hadithi za ajabu. Karibu na nyumbani kulikuwa na bustani ya watu wote, yenye jukwaa la bendi na farasi wa mbao wanaozunguka, ambao watoto huwapanda. Bustani hiyo hakuisahau.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1943, na mara moja akaingia jeshini. Kimo chake kilikuwa kifupi, lakini alishikilia hadi akakubaliwa kuwa askari wa miavuli katika Divisheni ya 11. Akapelekwa Ufilipino kupigana na Wajapani. Katika kisiwa cha Leyte alimwona rafiki yake akiuawa mbele ya macho yake, si kwa risasi ya adui, bali kwa sanduku la chakula lililodondoshwa na ndege ya jeshi lao wenyewe. Kifo cha namna hiyo, kisicho na maana wala haki, kilimkaa moyoni. Yeye mwenyewe alijeruhiwa goti, likamsumbua maisha yake yote. Mwaka 1945, kabla hajarudi nyumbani, baba yake alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na kijana hakuruhusiwa kwenda kumzika. Alirudi Binghamton na nishani kifuani, na usiku ndoto za vita zikawa zinamwamsha.

Serikali ya Marekani iliwalipia karo askari waliotoka vitani, na kwa msaada huo Serling aliingia Chuo cha Antioch, jimboni Ohio. Alianza na masomo ya mazoezi ya viungo, kisha akahamia lugha na fasihi. Huko alimpata Carol Kramer, wakaoana mwaka 1948, nao walijaliwa mabinti wawili. Ili kuongeza kipato, mwanafunzi huyo alikubali kazi ya kujaribu miavuli mipya kwa kuruka nayo kutoka ndegeni. Alipohitimu mwaka 1950 alipata kazi katika kituo cha redio huko Cincinnati. Mchana aliandika alichoagizwa na kituo, usiku aliandika vyake na kuvipeleka New York. Miswada mingi ilirudishwa. Hakuacha.

Hapa inafaa kueleza televisheni ya wakati ule ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tamthilia nyingi za Marekani zilirushwa moja kwa moja kutoka studio. Waigizaji waliigiza mbele ya kamera, watu wakatazama saa ileile majumbani mwao, na onyesho likaisha kama linavyoisha jukwaani. Kilichobaki, kama kilibaki, ni nakala hafifu iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Tarehe 12 Januari 1955 ilirushwa tamthilia ya Serling iitwayo Patterns, inayohusu mzee anayesukumwa nje ya kampuni ili nafasi yake ichukuliwe na kijana. Watu waliipenda kiasi kwamba mwezi uliofuata waigizaji waliitwa tena studioni kuiigiza upya tangu mwanzo. Mwaka 1956 ikafuata Requiem for a Heavyweight, juu ya bondia aliyekwisha nguvu na asiyejua kazi nyingine. Zote mbili zilimpatia tuzo ya Emmy. Kwa jumla alipata sita kwa uandishi wake.

Lakini sifa hizo hazikumpa uhuru. Kila kipindi kililipiwa na kampuni iliyotangaza bidhaa zake, na wenye kampuni hizo waliisoma miswada kabla haijaigizwa. Hawakutaka kumuudhi mnunuzi yeyote. Mwezi Agosti 1955 Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa kikatili na wazungu huko Mississippi. Walioshtakiwa waliachiliwa na baraza la wazungu watupu. Serling aliandika tamthilia iliyotokana na mauaji hayo. Habari ilipovuja magazetini, makundi ya wabaguzi wa Kusini yalitishia kususia bidhaa za mdhamini. Mswada ukaanza kukatwakatwa. Mweusi aliyeuawa akawa mgeni asiyejulikana ametoka wapi, mji ukahamishiwa kaskazini mwa nchi, na hata chupa za soda zikaondolewa kwa hofu kwamba zingewakumbusha watu Kusini. Kilichorushwa mwezi Aprili 1956, kwa jina la Noon on Doomsday, hakikumkera mtu, wala hakikusema kitu.

Alijaribu tena mwaka 1958 kwa tamthilia nyingine, A Town Has Turned to Dust. Safari hii kisa kilirudishwa nyuma hadi karne ya 19, na mweusi akageuzwa Mmeksiko. Serling alichoka. Aligundua kwamba kila anapowataja watu na mahali kama walivyo, kalamu ya mdhamini inamfuata. Ila mdhamini hakuwa na la kusema juu ya watu wa sayari nyingine.

Mwezi Novemba mwaka huohuo ilionyeshwa hadithi yake The Time Element, ya mtu anayeota kila usiku kwamba amerudi Pearl Harbor siku moja kabla ya shambulio la Wajapani, na hakuna anayemwamini. Kituo cha CBS kilikuwa kimeinunua na kuiweka kando. Kampuni ya Lucille Ball na Desi Arnaz ndiyo iliyoitoa kabatini. Barua za watazamaji zilikuwa nyingi, CBS ikabadili nia. Tarehe 2 Oktoba 1959 kipindi cha kwanza cha The Twilight Zone kilirushwa. Kabla ya hapo Serling alikuwa ameueleza umma kwamba hataki tena ugomvi, na kwamba katika kazi hii mpya hatagusa matatizo ya jamii. Wengi walidhani ameuza kalamu yake.

Kilichofuata kilionyesha vingine. Kati ya 1959 na 1964 zilirushwa hadithi 156, na Serling aliandika 92 kati yake. Nyingine nyingi zilitoka kwa waandishi kama Richard Matheson na Charles Beaumont. Katika The Monsters Are Due on Maple Street umeme unakatika katika mtaa mmoja wa watu watulivu. Mtoto anasema huenda wageni kutoka anga za juu wamejificha miongoni mwao, na kabla ya usiku kwisha majirani wanarushiana mawe na kuuana. Wageni kweli wapo, lakini wako kilimani wanatazama tu. Kazi ya kuuana wameachiwa wenye mtaa. Katika Eye of the Beholder mwanamke aliyefungwa bandeji usoni anasubiri kujua kama matibabu yamemfanya afanane na wengine. Bandeji zinapotolewa tunamwona ni mzuri, na madaktari wanaomsikitikia ndio wenye nyuso zilizopinda. Katika The Purple Testament ofisa mmoja huko Ufilipino anaona mwanga wa ajabu usoni mwa kila askari atakayekufa. Na katika Walking Distance mtu mzima aliyechoshwa na kazi ya mjini anarudi kwa miguu hadi utotoni mwake, kwenye bustani yenye farasi wa mbao, na baba yake anamsihi aondoke, kwa sababu kila mtoto ana zamu yake moja tu. Aliyeiandika hadithi hiyo ni mwana ambaye hakumzika baba yake.

Wahenga wetu walijua kwamba fumbo humzunguka mjinga na mwerevu hulifumbua. Babu alipotusimulia visa vya sungura na fisi, kila mtu kijijini alijua ni nani hasa anayesemwa. Serling alifanya hivyo mbele ya mamilioni ya watu.

Hata hivyo tusimsifu bila kupima. Fumbo lina gharama yake. Mtazamaji aliyekuwa mbaguzi aliweza kuitazama Maple Street, akawachukia majirani wale, na asijione mwenyewe kati yao. Jina la Emmett Till halikupata kutajwa, ingawa kifo chake ndicho kilichomsukuma mwandishi kwenye njia hii. Serling alilijua pengo hilo. Mwaka 1960 alitoa The Big Tall Wish, hadithi ya bondia na mtoto, ambayo karibu waigizaji wake wote ni weusi, jambo lililokuwa nadra kwenye televisheni ya siku zile. Na mwaka 1964, kipindi kikielekea mwisho, aliandika juu ya mji ambao jua limekataa kuchomoza asubuhi ya kunyongwa kwa mtu. Redio inaripoti giza hilohilo mahali pengine, na safari hii mwandishi alitaja mahali pa kweli, Birmingham huko Alabama pakiwemo. Ni kama mtu aliyepita kwa mlango wa nyuma miaka mitano, kisha akaamua kuujaribu tena ule wa mbele.

Baada ya 1964 mambo yalimwendea mchanganyiko. Aliiuzia CBS sehemu yake ya haki za The Twilight Zone, akidhani vipindi hivyo havingeleta faida tena. Vikarudiwa miaka na miaka, na faida ikaenda kwa kituo. Alishiriki kuandika filamu ya Planet of the Apes, iliyotoka mwaka 1968. Alitoa jina na sura yake kwa mfululizo mwingine, Night Gallery, lakini humo wengine waliamua mengi kuliko yeye. Alichokifurahia ni kufundisha uandishi katika Chuo cha Ithaca, si mbali na mji wa utoto wake. Aliwaonyesha wanafunzi vipindi vyake mwenyewe na kuvichambua bila huruma. Alivuta sigara bila kupumzika. Tarehe 28 Juni 1975, baada ya upasuaji wa moyo, alifariki katika hospitali moja ya Rochester. Miezi michache kabla, alikuwa ameyapima maandishi yake na kuona yalifaa kwa wakati wake tu, wala hayangedumu.

Alikosea, na inafaa tujiulize kwa nini. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. The Twilight Zone ilipigwa kwa filamu kama sinema, haikurushwa moja kwa moja kama Patterns, kwa hiyo ilibaki safi na kuweza kuonyeshwa tena. Katika msimu wa pili hadithi sita zilirekodiwa kwa kanda ya video ili kupunguza gharama, na hadi leo wapenzi wa kipindi huzitambua mara moja kwa uhafifu wa picha zake.

Sababu ya pili iko katika uandishi, na ndani yake mna kinaya. Wadhamini walimnyang'anya Serling majina, tarehe na miji. Alipolazimika kuandika bila hivyo, aliandika hadithi ambazo hazikuzeeka pamoja na magazeti ya siku ile. Mtaa wa Maple Street hauna anwani. Anayeishi mahali ambapo uvumi umewahi kuwageuza majirani kuwa maadui hahitaji kuelezwa uko wapi.

Kipindi kimefufuliwa mwaka 1985, 2002 na 2019 kwa mikono mingine, lakini watu hurudi kwenye kile cha kwanza. Binghamton haijamsahau. Mashabiki hufika kwenye bustani ile, wakalitazama jukwaa la bendi na wale farasi wa mbao, ambao juu yao sasa pamechorwa picha za hadithi zake. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipofariki. Sisi tunaoandika insha zetu na kuhesabu maneno tusiyothubutu kuyaweka humo, tumsome kama mtu wa fani yetu, tukijifunza alipofaulu na pale ambapo njia ya mzunguko ilimgharimu.