Profesa Lejeune na Wale Saba

Sisi wa Njombe twaijua baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai sakitu huunguza majani ya viazi usiku mmoja. Walakini baridi tunayoitaja leo haiunguzi. Ni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, nayo hutumika kuhifadhi viinitete vya binadamu, yaani mimba changa zilizotungwa nje ya tumbo la mama. Je, kilichomo katika chombo hicho ni mali au ni mtu? Swali hilo lilipofikishwa mbele ya jaji, tabibu mmoja alivuka bahari kwenda kulijibu.

Jérôme Lejeune alizaliwa karibu na Paris, Ufaransa, tarehe 13 Juni 1926. Alisomea utabibu, akawatunza watoto wenye ulemavu uitwao Down. Siku zile wazazi wao walishukiwa kuwa walevi au wenye kaswende. (Nasi tusijidai, kwani twazijua nyumba ambamo mtoto wa namna hiyo haonyeshwi mgeni.) Mwaka 1958 yeye, Raymond Turpin na Marthe Gautier walitambua kwamba chembe hai za watoto hao zina kromosomu 47 badala ya 46. Haki yataka tuseme kwamba Gautier ndiye aliyezikuza chembe hizo maabarani, na kwa miaka mingi hakupewa sifa impasayo. Wazazi wakaondolewa aibu.

Lakini ugunduzi uleule ukaja kutumiwa kuwatambua watoto hao tumboni, wapate kuuawa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1969, alipopewa tuzo kubwa huko San Francisco, Lejeune aliwapinga waziwazi wataalamu wenzake waliomtukuza.

Agosti 1989 alikwenda Maryville, Tennessee, Marekani. Mume na mke walikuwa wakiachana, nao walikuwa na viinitete saba vilivyogandishwa. Mume alikataa kuwa baba. Tusimdhanie ukatili: yeye mwenyewe alilelewa mbali na wazazi wake. Lejeune, ingawa hakuikubali njia iliyotumika kuvitunga, kama Kanisa lisivyoikubali, alieleza kwamba tangu mbegu mbili ziungane, yote yanayomfanya mtu huyo awe yeye yamekwisha kuwapo. Baridi husimamisha wakati tu. Septemba ile Jaji W. Dale Young akamkabidhi mama wote saba.

Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Tennessee iliamua vingine: si watu, wala si mali, bali ni kitu cha katikati kistahilicho heshima ya pekee. Mke sasa alitaka kuwapa watu wengine wasio na mtoto, mume akashinda. Mwaka 1993 vikaharibiwa. Hatujui heshima gani hiyo ambayo haikumkinga hata mmoja.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 204, humhesabu mtoto kuwa mtu awezaye kuuawa akiisha kutoka mzima tumboni mwa mamaye. Aliye chomboni hajatoka tumboni, wala hajapata kuingia.

Lejeune alifariki Jumapili ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994, wiki chache baada ya Papa Yohane Paulo II kumteua rais wa kwanza wa Akademia ya Kipapa ya Uhai. Mwaka 2021 Papa Fransisko alithibitisha fadhila zake za kishujaa. Katika Misa ya maziko huko Paris, mmoja wa wagonjwa wake wa Down alisimama mbele ya watu wote, akamshukuru.