Huyu Ndiye Karani Aliyemwaga Mtama wa Goldenberg, Kisha Akasota Hadi Kufa

Jina Goldenberg unalijua. Hata kama ulizaliwa juzi, ushawahi kusikia mzee fulani kwa mat akilitaja kila pesa ya umma ikipotea. Lakini nikikuuliza ni nani aliyetoa hiyo stori nje, wengi wenu mtaanza kuangalia dirishani. Aliitwa David Sadera Munyakei.

Jamaa hakuwa mdosi. Mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa karani tu pale Benki Kuu, kijana wa tai na mshahara wa uhakika, ile kazi watu wa ushago wanaringa nayo kwa niaba yako. Mezani kwake zilipita karatasi za malipo ya wafanyabiashara waliouza bidhaa nje.

Sasa shika hesabu hii. Ukiuza bidhaa nje na kuleta dola nyumbani, serikali ilikuwa inakuongezea asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg International ikakubaliwa asilimia 35, tena ikaachiwa peke yake biashara ya dhahabu na almasi. Ebu nionyeshe machimbo ya almasi Kenya hii! Dhahabu nayo ni ile ya kuchokora kule Kakamega na Migori. Lakini madai yaliingia mamilioni kwa mamilioni, na yakalipwa.

Munyakei akaona. Sidhani alikuwa peke yake aliyeona pale ofisini, ni vile wengine walikuwa na karo ya kulipa. Mwaka wa 1993 nakala za zile karatasi zikatoka kwake zikafika kwa wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na moto ukawaka Bungeni. Kumbuka hii ni Kenya ya Moi. Hakukuwa na simu ya kupost kitu halafu ujifiche nyuma ya jina la uongo.

Akadakwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Ndio, mwizi hajaguswa, aliyepiga nduru ndiye yuko ndani. Kesi ilikuja kuanguka lakini kazi ilikuwa ishaenda. Akahepa hadi Mombasa, akasilimu, akaoa huko, akaishi kimyakimya. Baadaye akarudi upande wa Narok.

Kibaki alipoingia, akaunda tume ya Goldenberg 2003 chini ya Jaji Samuel Bosire. Munyakei akaja kutoa ushahidi, safari hii jina lake likiwa wazi kwa kila gazeti. Mwaka wa 2004 Transparency International ikampa tuzo ya uadilifu. Makofi yakapigwa, picha zikachukuliwa, watu wakaenda zao.

Yeye alitaka kitu kimoja tu, kazi yake. Hapa ndipo hii stori huniuma. Serikali mpya iliingia ikiimba kumaliza ufisadi, ikatumia ushahidi wake, na bado kiti cha karani kikakosekana. Tuzo huwezi kupeleka dukani ukapewa unga.

Munyakei alifariki Julai 2006, mfuko mtupu. Sheria ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa mwaka huo huo.