Kipofu wa Kisuludini: Maisha ya Johannes Rebmann huko Rabai

Wanafunzi wa jiografia humjua Johannes Rebmann kwa siku moja tu, tarehe 11 Mei 1848, alipouona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Siku nyingine zaidi ya elfu kumi alizoishi katika pwani ya Afrika Mashariki hazitajwi sana. Hata hivyo, ni katika siku hizo ambapo maisha yake yanazua swali linalowashughulisha hadi leo wauguzi wa maradhi ya akili: mtu aliyechoka, mpweke na aliyepoteza uwezo wa kujitazama mwenyewe, ni nani mwenye haki ya kuamua atunzweje, na uamuzi huo afikishiwe kwa lugha ipi?

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika eneo la Württemberg, Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Aliwasili Mombasa mwezi Juni 1846 na kumkuta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amewazika mkewe na bintiye mchanga katika mji huo huo. Mwezi Agosti wawili hao walipanda kwenda Rabai wakiwa na homa. Kituo cha kwanza cha misheni ya Kiprotestanti katika Kenya ya leo, kwa hiyo, kilianzishwa na wagonjwa wawili waliokuwa wakiuguzana.

Neno hilo lenyewe lastahili kutuliwa kidogo. Kwa umbo, kuuguza ni kuugua kulikotiwa kiambishi cha kusababisha, kana kwamba anayeuguza ndiye anayemtia mwenzake ugonjwa. Matumizi yamekataa maana hiyo. Mwuguzi ni yule anayekaa ndani ya ugonjwa wa mwingine mpaka upite. Katika Kiswahili, kutibu ni kazi ya dawa. Kuuguza ni kazi ya kuwapo.

Rebmann hakuwa mhubiri aliyevuta umati. Alikuwa msikilizaji. Miongoni mwa watu wa mwanzo waliomkaribia yeye na Krapf alikuwamo Mringe, mtu mlemavu, ambaye alibatizwa akiwa mahututi. Baadaye alikuja Salimini, mtumwa aliyetekwa kutoka nchi ya Nyasa na kufikishwa pwani. Kuanzia miaka ya 1850 Rebmann aliketi naye na kuandika maneno ya lugha yake moja baada ya jingine. Kamusi hiyo ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877 chini ya uhariri wa Krapf. Wasomi wa isimu huihesabu kuwa kumbukumbu ya awali ya lugha inayoitwa leo Kichewa. Lakini upo upande wake mwingine: kwa mtu aliyeng'olewa kwao akauzwa, kuulizwa kila siku kwao wanakiitaje kitu fulani si jambo dogo. Mganga wa mburuga katika nchi ya Wamijikenda naye huanza kwa maneno kabla ya dawa. Huitafuta shida kwa kusema, na waliomjia huitikia au hukataa, mpaka tatizo lipate jina ambalo wote wamelikubali. Rebmann aliupinga uganga maisha yake yote, wala hapana dalili kwamba aliona ufanano huo. Ufanano wenyewe, hata hivyo, hauwezi kufichika.

Yeye mwenyewe hakupata msikilizaji wa namna hiyo kwa urahisi. Habari za theluji zilipofika London, mwanajiografia Desborough Cooley alizikanusha kwa ukali. Mtu aliyeona jambo kwa macho yake aliambiwa na wasiofika huko kwamba hakuliona. Ushahidi ulipatikana baada ya safari za Baron von der Decken mlimani humo mwaka 1861 na 1862. Ubishi ulioisha kwa watu wa ramani ulikuwa umemla Rebmann zaidi ya miaka kumi.

Katika muda huo hasara zilimwandama. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamasai yalimlazimisha Rebmann kukimbilia Zanzibar kwa muda. Mkewe Emma, waliyeoana nchini Misri mwaka 1851, alifariki mwaka 1866. Mtoto wao alikuwa amekwisha kufa akiwa mchanga. Rebmann alibaki Kisuludini, Rabai, na waumini wachache pamoja na rundo la karatasi za kamusi. Kisha nuru ya macho ikaanza kumtoka.

Bartle Frere alipozuru misheni za pwani mwaka 1873 alimkuta katika hali hiyo. Ilikuwa rahisi kwa wageni kuona ukaidi tu: mzee asiyekubali kurudi kwao, aliyeng'ang'ania maneno asiyoweza tena kuyasoma. Mwuguzi wa leo angefundishwa kusita kabla ya kutoa hukumu hiyo. Angeuliza kazi ile inamfanyia mgonjwa nini. Kwa Rebmann kamusi ilikuwa ndiyo kamba iliyomfunga kwa watu. Kila neno lilihitaji Mrabai au Mnyasa wa kulitamka, na mtu huyo alipaswa kuketi karibu. Kumtoa Rabai bila kulijua hilo kungekuwa ni kumnyang'anya fimbo kipofu kwa nia ya kumsaidia kutembea.

William Salter Price alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874 kuanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoitwa baadaye Freretown. Alimkuta Rebmann akiwa karibu kipofu kabisa. Mwaka 1875 mzee huyo akakubali kuondoka, baada ya miaka 29. Hakuondoka peke yake, na hapa ndipo penye uzito wa mambo yote. Aliyefuatana naye hadi Uingereza na Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Ngoa aliyekuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa huko. Historia za misheni humtaja Nyondo kwa sentensi moja au mbili, kama mtumishi aliyemwongoza bwana wake. Kipimo hicho ni kidogo mno. Kipofu aliyezeeka katika lugha za pwani alikuwa anapelekwa katika nchi ambayo hakuwa ameiona tangu ujana wake. Nyondo alikuwa macho yake, na alikuwa pia mtu wa kuzungumza naye maneno ya Rabai mahali ambapo hapakuwa na mwingine wa kuyafahamu. Ikiwa uuguzi ni kuwapo, basi mwuguzi wa Rebmann alikuwa Mrabai.

Huko Ujerumani Rebmann alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, alikokuwa akiishi Krapf. Wazee wawili waliopanda Rabai na homa wakakutana tena, mmoja haoni. Rebmann alioa mara ya pili, mjane wa mmisionari, lakini ndoa hiyo haikudumu: alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf alimfuata Novemba 1881. Msamiati wa Kinyika walioukusanya ulihaririwa na T. H. Sparshott na kuchapishwa mwaka 1887, mwaka ambao kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa Rabai.

Nyondo alirudi pwani akaendelea kuitumikia misheni. Siku hizi Rabai ina makumbusho yenye jina la Krapf, na wageni huonyeshwa humo habari za wamisionari na za Kilimanjaro.