Mekatilili: Mama aliyefanya siasa bila kupewa kiti

Wewe kijana wa Ukunda au Msambweni, umeona? Mwanamke akitangaza kuwania kiti, hata udiwani tu, watu hawaulizi atafanya nini. Wanauliza ameolewa na nani, na watoto kamwachia nani. Basi kabla hujachangia stori hiyo maskani, mjue kwanza Mekatilili wa Menza. Mambo haya yalimkuta zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa Ugiriama katika karne ya 19, jina lake Mnyazi. Alipojifungua Katilili, akaitwa mama yake: Mekatilili. Simulizi zinasema kaka yake alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa akiona kwa macho yake. Kwa hiyo Waingereza walipokuja kudai kodi ya nyumba, tena wakataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, yeye alishajua mtoto wa mtu akichukuliwa inakuwaje.

Shida ni kwamba mambo ya kaya yaliamuliwa na wazee wa kiume. Sasa angesemea wapi? Alikuwa mjane, na mjane aliachiwa uhuru kidogo wa kusema. Tena alikuwa na kifudu, ngoma ya msibani ambayo wanawake huicheza. Akaicheza kijiji hadi kijiji. Nani angemzuia mama anayeomboleza? Watu walifuata ngoma, wakabaki kusikiliza hotuba.

Mwaka 1913, yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakusanya watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo chao, wanaume chao: hakuna kumtumikia Mzungu. Wazee wanasimulia kwamba alimletea ofisa Arthur Champion kuku na vifaranga vyake, akamwambia achukue kifaranga kimoja aone. Kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo akina mama wangefanya wakichukuliwa wana wao.

Serikali ilijibu vipi? Ikamwita mchawi. Unauona mchezo huo? Mwanamume akikataa kodi anaitwa mwasi, na mwasi angalau ana hoja. Mchawi hajibiwi hoja yoyote.

Oktoba 1913 akakamatwa, akapelekwa Kisii, mbali kabisa na kwao. Mwanzoni mwa 1914 yeye na Wanje wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu, wakipita mapori. Ingekuwa sinema, ungesema mwandishi ametia chumvi. Agosti mwaka huohuo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, naye akakamatwa tena na kupelekwa uhamishoni. Aliporudi 1919, akaongoza baraza la wanawake la kaya, Wanje akaongoza la wanaume. Alifariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini. Leo sanamu yake iko Malindi.

Usiseme hiyo ni stori ya Kilifi. Kaya ya Wagiriama na Kaya Kinondo, hapo Diani, ziliingia pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Na Kwale ina wanawake wake. Mwaka 1997, Msambweni ilimchagua Marere wa Mwachai kuwa mbunge. Mwaka 2022, baada ya miaka kama naibu gavana, Fatuma Achani akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana Pwani nzima.

Sikwambii uwapigie makofi tu kwa sababu ni wanawake. Wakikosea wakosoe, hata kwa ukali. Uliza maji yako wapi, barabara iko wapi, basari imefika kwa nani. Ila ukianza na ndoa zao, jua umeshika kalamu ileile iliyoandika mchawi mwaka 1913.