J.M. KARIUKI: ALIYETOKA KIZUIZINI AKAWATAFUTIA WENZAKE KAZI

Msafiri ashukaye kwa gari moshi kutoka Nairobi kuja Mombasa, akisha kuvuka mto Tsavo na kabla hajafika Voi, hupita mahali pakavu paitwapo Manyani. Leo pana jela ya serikali hapo. Katika miaka ya hamsini palikuwa na kambi kubwa kuliko zote walimofungiwa watu wa Mau Mau, maelfu kwa maelfu, nyuma ya seng'enge, kwenye jua ambalo watu wa bara hawakulizoea. Homa ya matumbo ilipozuka humo mwaka 1954 iliwaua makumi ya watu.

Mmoja wa waliopitia Manyani ni Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Wakenya walimwita kwa herufi mbili tu, J.M. Wengi wetu tunamkumbuka kwa namna alivyouawa. Hilo tutalifikia, maana halikwepeki. Lakini yako mambo katika maisha yake ambayo husahauliwa, nayo yahusu swali lililo zito hata leo: mtu akisha kufungwa, kisha akafunguliwa, atakula nini kesho yake?

J.M. alizaliwa mwaka 1929 huko Kabatini, karibu na Nakuru. Wazazi wake walikuwa maskwota. Neno hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa pwani, kwa kuwa tunao maskwota wetu mpaka leo. Ila huko Bonde la Ufa maskwota walikuwa wa namna nyingine kidogo. Walitoka nchi ya Wakikuyu wakaenda kuishi katika mashamba ya masetla kule Njoro, Bahati, Molo na Subukia, wakapewa kipande cha kulima na kulisha mbuzi wao, na kwa malipo ya hayo wakamfanyia setla kazi siku nyingi za mwaka kwa ujira mdogo mno. Njoro ndiko alikoanzia Lord Delamere, mkubwa wa masetla, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mtoto aliyezaliwa katika mashamba yale hakuwa na ardhi popote.

Alisoma kidogo, karo ikakosekana, akarudi kufanya kazi shambani. Kisha mwaka 1946 likatokea jambo la ajabu: alicheza dau kwenye mashindano ya farasi mjini Nakuru, akashinda, na pesa zile akazilipia shule. Sisi twaijua hukumu ya kamari, wala siandiki haya kuisifu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na bila ya farasi yule huenda tusingalilisikia jina lake. Mwaka huo huo, yasimuliwa, ndipo alipomsikia Jomo Kenyatta akihutubia huko Njoro, na tangu siku hiyo siasa ikamwingia. Mwaka 1950 alijiunga na shule ya King's College Budo nchini Uganda.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952. J.M. alirudi Kenya juma lile lile. Akafungua hoteli Nakuru, na kwa siri akawa mtu wa kuunganisha, akikusanya fedha na viatu na kuwatafutia watu mahali pa kulala. Mwaka 1953 alikamatwa humo humo hotelini mwake. Hakufikishwa mahakamani wala hakuhukumiwa. Alikaa ndani miaka saba, katika kambi 14, miongoni mwake Kowop, Langata, Manyani na Lodwar. Alipigwa mara nyingi. Kosa lake kubwa machoni pa wakubwa wa kambi lilikuwa kuandika barua: akizipenyeza nje kwa siri mpaka zikafika kwa wabunge wa Uingereza, zikieleza yaliyokuwa yakitendeka.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuangalie ile iliyoitwa kazi ya kambini. Mwishoni mwa mwaka 1954, kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe, watu zaidi ya 70,000 walikuwa vizuizini. Walipangwa kwa rangi: weupe, kijivu na weusi, kwa kadiri walivyodhaniwa kuwa wameacha kiapo. Mweusi alirudishwa nyuma, mweupe alisogezwa mbele kambi kwa kambi mpaka akafika kwao. Na njiani humo walifanyishwa kazi. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa kwa mikono yao. Mashamba ya mpunga ya Mwea, mifereji ya Perkerra huko Baringo, na Hola yetu hapa kando ya mto Tana, yote yalianzishwa kwa jasho la mahabusu. Ni Hola ndiko walikouawa mahabusu 11 tarehe 3 Machi, 1959, kwa kupigwa marungu, kwa sababu walikataa kufanya kazi kwa kulazimishwa. Waliouawa hawakuwa wavivu. Walisema wao si wafungwa, hawajahukumiwa na mtu, basi kwa nini wafanye kazi ya wafungwa?

Kwa hiyo ajabu ya mambo ni hii. Wakiwa ndani, serikali iliwaonea kazi kila mahali. Walipotoka nje, kazi ikatoweka. Aliyerudi Nyeri au Murang'a alikuta ardhi imepimwa na kugawanywa upya wakati yeye hayupo, na waliosimama na serikali wamepata sehemu nzuri. Aliyetoka Njoro au Bahati hakuwa na pa kurudi kabisa, kwa kuwa masetla walikwisha wafukuza maskwota wa Kikuyu kwa malori. Tena palikuwa na vyeti. Bila cheti cha utii mtu hakuweza hata kusafiri atakavyo, seuze kuajiriwa. Leo hii kijana aliyetoka jela ya Shimo la Tewa akiomba kazi huulizwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na mlango hufungwa papo hapo. Karatasi zimebadilika majina tu.

J.M. alitoka mwaka 1960. Hakukaa akisubiri huruma. Alianza kazi ya chama cha KANU huko Nyeri, akamwendea Kenyatta alipokuwa bado kizuizini, na mwaka 1963 kikachapishwa kitabu chake juu ya maisha ya kambini, Mau Mau Detainee. Mwaka huo huo alichaguliwa mbunge, naye Kenyatta akamfanya katibu wake wa faragha. Yule mtoto wa skwota sasa akawa anaingia na kutoka nyumbani kwa mkuu wa nchi.

Mwaka 1964 lilianzishwa kwa sheria ya bunge lile Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake za Kiingereza, NYS. J.M. alipewa uongozi wake. Mkurugenzi, yaani mtendaji wa kila siku, alikuwa Mzungu aliyezaliwa Kenya, Geoffrey Griffin. Hapo ndipo pana utamu wa habari hii.

Griffin alikuwa afisa wa jeshi wakati wa hali ya hatari. Aliacha jeshi, akaenda Manyani, si kuwachuja watu bali kuwashughulikia watoto, maana ndani ya kambi ile walikuwamo wavulana wengi waliokamatwa pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 wavulana hao walianza kuhamishiwa Wamumu, upande wa Embu, wakafundishwa kusoma na ufundi, na walipotoka wakatafutiwa kazi kwa waajiri. Hiyo ndiyo tofauti ya Wamumu na kambi nyingine. Mtoto hakutolewa langoni akaachwa barabarani. Baadaye, mwaka 1959, Griffin alianzisha Starehe mjini Nairobi kwa ajili ya watoto wa mitaani, pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, na Gikubu mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini. Sisemi kwamba Wamumu ilikuwa pepo. Ilikuwa ni mahali pa serikali ya kikoloni, na kijana alitakiwa kwanza aikane njia ya baba zake. Ila kuna aliyejifunza useremala humo akaishi kwa useremala wake.

Basi fikiri, msomaji: mwaka 1964, mtu aliyepigwa katika kambi 14 na mtu aliyevaa sare ya jeshi lile lile wanakaa meza moja, wanapanga namna ya kuwapatia kazi vijana wasio na kazi. Wengi wa vijana wale walikulia katika vijiji vya hali ya hatari vilivyozungushiwa mahandaki, shule zao zimefungwa, baba zao wako Manyani. Walifyeka misitu, walichimba mabwawa, walitengeneza barabara, na jioni wakaingia darasani. Kazi ilikuwa ile ile ya jembe na sururu waliyoijua wazee wao vizuizini. Tofauti yake ni kwamba kijana wa NYS alijiunga kwa hiari yake, alilipwa posho, na alitoka na ufundi mkononi. Griffin alibaki mkurugenzi mpaka 1988. J.M. yeye siasa ilimwita kwingine.

Lakini shirika la vijana lisingeweza kuwabeba wazee. Waliotoka kizuizini wakiwa na umri wa miaka arobaini au hamsini walitaka ardhi, nao wa Nakuru walijitafutia njia yao wenyewe. Waliunda umoja wa waliopigania uhuru wa wilaya ya Nakuru, ambao kwa kifupi huitwa Ndeffo, wakachanga hisa, shilingi juu ya shilingi, wakanunua mashamba ya masetla waliokuwa wakiondoka. Mtu aliyewahi kuwa skwota sasa alikuwa na sehemu yake katika nchi aliyoilimia wengine. Nenda Njoro leo, upande wa kupandia Mau, utakuta mahali paitwapo Ndeffo, na jina limetokana na umoja huo. Bahati mbaya ardhi ya upande ule haikuwapa utulivu wote walioutarajia, kwani fujo za kikabila za miaka ya tisini, na za mwaka 2008 baada ya uchaguzi, ziliwafikia. Wengine nao wana madai yao ya kale juu ya nchi ile, na hayo hayawezi kumalizwa katika ukurasa mmoja wa gazeti.

Mzee wa Ndeffo alilazimika kuinunua ardhi ambayo alifungwa kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomkera J.M., akalisema bungeni na nje ya bunge mpaka wakubwa wakachoka kumsikia. Aliuliza kwa nini waliotoka vizuizini wabebeshwe madeni ilhali mashamba makubwa makubwa yanaingia mikononi mwa wachache, tena baadhi yao watu ambao hawakuonja Manyani hata siku moja. Alitaka pawekwe kikomo cha ardhi mtu awezayo kumiliki. Na yeye je? Yeye alikuwa tajiri. Alikuwa na shamba huko Gilgil, alipenda farasi na michezo ya bahati, na adui zake hawakukosa kumkumbusha. Kwa maoni yangu lawama hiyo ina ukweli wake, lakini haifuti swali lake. Mkono wake, hata hivyo, haukuwa wa bahili. Katika harambee za shule na zahanati jina lake lilitajwa kila pembe ya nchi.

Alikuwa Waziri Msaidizi baada ya 1969, lakini mikutano yake ilipigwa marufuku mara kwa mara. Katika uchaguzi wa 1974 alizuiwa kuhutubia, na watu wa Nyandarua Kaskazini wakampigia kura vivyo hivyo. Tarehe 2 Machi, 1975 alionekana kwa mara ya mwisho kwenye hoteli ya Hilton, Nairobi. Ilitangazwa kwamba amekwenda Zambia. Lakini wapi! Maiti yake ilikwisha okotwa na mchungaji wa Kimaasai katika vilima vya Ngong, ikakaa chumba cha maiti siku kadhaa bila jina, mpaka wake zake walipoitambua. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, ikatoa ripoti yake mwezi wa Juni mwaka huo. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale.

Alikuwa na umri usiotimia miaka 46. Wenzake wa kambini walibaki na jina la kuharamishwa kwa muda mrefu, maana amri ya mkoloni iliyoipiga Mau Mau marufuku tangu mwaka 1950 haikufutwa mpaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba watu waliteswa katika kambi zile, ikasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 walioshitaki. Wengi sana walikuwa wamekwisha fariki.

J.M. alizikwa Gilgil. Ni mji huo huo wenye chuo cha mafunzo cha NYS, ambako makuruta hupelekwa kutoka kila upande wa nchi, wakiwamo vijana wa Lamu, Kilifi na Kwale, wakivaa sare za kijani na kuamshwa alfajiri kwa filimbi kwenye baridi kali ya Bonde la Ufa.