Krapf na homa ya Mto Tana

Mwanafunzi wa Garsen humjua Johann Ludwig Krapf kama mmishonari na mwanalugha. Yafaa amjue pia kama baba aliyefiwa.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Aliingia Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, aliyekuwa mjamzito. Julai mwaka huo homa iliwaangusha wote wawili. Rosina alijifungua mtoto wa kike, akafariki tarehe 13. Kichanga naye akamfuata mamaye baada ya siku chache. Baba alinusurika, akaendelea na kazi. Mwaka 1850 alichapisha msamiati wa lugha sita, Kipokomo kikiwamo. Mwaka uliofuata akaufikia Mto Tana wenyewe.

Wataalamu wa zama zake waliamini kuwa homa huletwa na hewa mbovu ya vinamasi. Krapf aliaga dunia Novemba 1881, mwaka mmoja tu baada ya Laveran kugundua kijidudu cha malaria. Mwaka 1897 Ross alikiona kijidudu hicho ndani ya mbu.

Krapf, basi, hakujua chanzo cha kweli cha homa. Sisi tunakijua. Tana ikifurika, maji hutuama na mbu huzaana. Mwalimu wa chekechea amwonapo mtoto amejikunyata, mwili unachemka, asimlaze mkekani kungoja saa ya kwenda nyumbani. Amwite mzazi, mtoto apimwe damu siku ile ile. Mzazi naye ahakikishe chandarua chenye dawa kinamfunika mtoto kila usiku.

Kifo kilichokuwa fumbo mwaka 1844, leo hakina udhuru.